Rangi ya Agosti

Ukipewa bata wa mbao aliyefanya kazi majini miaka mingi, usimtazame kichwa kwanza. Mpindue. Habari zote ziko tumboni. Utakuta kipande cha risasi kilichopigiliwa misumari ili asipinduke mawimbi yakija, utakuta pete ya chuma ya kufungia kamba ya nanga, na mara nyingi utakuta herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto. Hizo ni herufi za mwenye mali, maana alfajiri ya windo kunaweza kuwa na mamia ya bata wa mbao wanaoelea mahali pamoja, wote wamefanana. Wengine wana herufi za watu watatu tofauti, zimepandana. Hapo unajua aliuzwa, au alirithiwa, au aliokotwa ufukweni baada ya dhoruba na mwokotaji hakuona haja ya kuuliza ni wa nani.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja wa upande wa kaskazini wa Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, ambaye nililipwa kumwogesha, kumpikia na kuhakikisha amemeza dawa zake kwa wakati. Bata hawakuwemo kwenye mkataba.

Wakenya wengi tulioko pande hizi tunatunza wazee. Ni kazi inayopatikana haraka, haiulizi sana ulisoma nini, na inakupa nafasi ya kukaa ndani ya nyumba za watu ambao vinginevyo ungewaona tu wakipita na magari. Mimi nilikuja na shahada ya ualimu na miaka minne ya kuandika mabango mjini Kakamega: duka la dawa, kinyozi, bucha, ubavu wa matatu, ukuta wa shule ya chekechea wenye Simba na Twiga waliotoka kama ndugu wa tumbo moja. Siku ya tatu nikiwa namkata kucha, mzee akaniuliza kwetu nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia naandika mabango kwa brashi. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono.

"Unaweza kuchora mstari mwembamba bila kupumzika?"

"Urefu gani?"

Akacheka. Nadhani jibu hilo ndilo lililonipa kazi ya pili.

Mikono yake ilikuwa imeacha kumtii miaka miwili nyuma, kwa ugonjwa wa Parkinson. Kikombe alikishika kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 40, alikuwa akitengeneza na kupaka upya bata wa kutegea, kwa ajili ya wawindaji kwanza, kisha kwa ajili ya wakusanyaji. Nyuma ya nyumba kulikuwa na karakana yenye rafu hadi darini, na kwenye rafu bata wenye shingo zilizovunjika, midomo iliyomeguka, migongo iliyopasuka kwa jua, wanangoja. Wengine wenyewe walikuwa wameshafariki. Nilianza kumsukuma kwenye kiti chake hadi huko kila siku baada ya chakula cha mchana. Yeye alikuwa macho, mimi mikono. Kwa Kiingereza nilimwita "bwana", lakini kwa mtu wa umri wa babu yangu neno hilo lilinikaa vibaya mdomoni, basi nikamfundisha neno "Mzee". Alilipenda sana mpaka siku alipouliza maana yake.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam nilipomwambia kwamba mchana nashinda na bata, alijibu, "Kumbe huko mnakula bata kweli kweli!" Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Kwa wasiojua: bata wa kutegea ni sanamu ya bata inayoelea. Bata mwitu akipita juu anaona wenzake wametulia majini, anaamini pako salama, anashuka, na mwindaji aliyejificha anampiga. Ni uongo rahisi na wa kale mno. Mwaka 1924 wachimbaji wa mambo ya kale katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, walikuta bata 11 waliotengenezwa kwa matete yaliyofungwa na kupakwa rangi, baadhi wakiwa na manyoya, wametunzwa humo kwa takriban miaka 2,000. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo ndio waliowatengeneza. Ndege walioigwa ni walewale ambao ghuba ya Mzee iliwatukuza kuliko wengine wote: canvasback, yaani mgongo wa turubai, bata mwenye kichwa chekundu cha kutu, kifua cheusi na mgongo mweupe.

Mgongo-turubai alikuwa na bahati mbaya ya kuwa mtamu. Kwenye maji ya kina kifupi ambako mto Susquehanna unaingia ghubani kulikuwa na nyasi nyingi za chini ya maji, wanaziita selari ya mwitu, na bata hawa walizila hadi nyama yao ikapata jina katika hoteli za Baltimore na New York. Karne ya 19 watu waliwawinda kwa biashara. Mwindaji alilala chali ndani ya sanduku lililozamishwa hadi usawa wa maji, lina mbawa za mbao na turubai pembeni ili mawimbi yasimfunike, na kulizunguka kulikuwa na bata wa mbao mia mbili, mia tatu, hata zaidi. Ndege akija haoni mtu, anaona kundi. Sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama ilikomesha biashara hiyo, na mwaka 1935 masanduku ya kuzama yakapigwa marufuku, pamoja na kutumia bata hai kama chambo. Nyasi nazo zilikwisha kwa sehemu kubwa mwaka 1972, kimbunga Agnes kilipoteremsha tope la mto mzima juu yake. Mzee aliieleza Juni hiyo kama watu wanavyoeleza msiba wa nyumbani: nani alikuwa wapi, maji yalikuwa na rangi gani.

Mafundi waliochonga bata hawa hawakujiita wasanii. R. Madison Mitchell, ambaye bata wake wako kila mahali upande ule wa ghuba, alikuwa mzishi mjini Havre de Grace, mwenye nyumba ya kuandaa maiti, na karakana yake ya bata. Ndugu wawili, Lem na Steve Ward wa Crisfield, kusini zaidi, walikuwa vinyozi, na walijitangaza kuwa waghushi wa ndege kwa mbao. Napenda sana neno hilo, waghushi. Kisha bata wa plastiki wakaja, wepesi na wa bei rahisi, na wale wa mbao wakageuka vitu vya kuwekwa sebuleni. Mwaka 2007 bata wawili waliochongwa na Elmer Crowell wa Massachusetts waliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kila mmoja.

Hapo ndipo rangi ilipoanza kuwa kesi.

Mkusanyaji anataka rangi ya kwanza, ile aliyoipaka fundi mwenyewe. Lakini bata wa kazi hakai na rangi ya kwanza. Chumvi, barafu, kamba, kutupwa kwenye gunia mara mia: msimu mmoja tu na amechakaa. Kwa hiyo kila mwaka mwezi Agosti, kabla ya windo, mwenye bata alikaa kivulini na makopo yake na kuwapaka wote upya, kwa rangi yoyote iliyobaki, ya boti, ya dirisha, ya uzio. Maana yake ni kwamba bata aliyefika kwetu na rangi yake ya kwanza nzuri ni yule ambaye hakufanya kazi sana. Alisahauliwa darini. Na yule aliyeelea misimu 30 na kuleta nyama nyumbani, soko linamwona ameharibiwa. Nilimwambia Mzee kwamba jambo hili linanikera. Akasema hata yeye, lakini limemlipia paa la nyumba. Akaniambia pia kwamba Lem Ward mwenyewe alikuwa akiletewa bata wake wa zamani na kuwapaka upya kwa namna aliyokuwa amejifunza baadaye, iliyo nzuri zaidi. Sasa hapo rangi ya kweli ni ipi? Wakusanyaji wana majibu, na majibu hayo yana bei tofauti.

Mafunzo yangu yalianza kwa kusahauliwa mabango. Bango linapiga kelele: linataka mtu aliye ng'ambo ya barabara aone bucha kabla hajaona bucha ya jirani. Mimi nilizoea rangi inayong'aa, mistari mikali, kivuli cha herufi. Kwa bata, kung'aa ni kosa la kwanza. Jua likimulika mgongo unaometa, ndege walioko juu wanageuka na kwenda zao. Rangi inatakiwa ife, inyonye mwanga, kwa hiyo tulipunguza mafuta na kuongeza tapentaini hadi ikauke bila uso. Bata wangu wa kwanza nilimpaka manyoya mojamoja, kazi ya siku mbili, nikajiona fundi. Mzee akaamuru nimweke uani kwenye majani, nimsukume yeye hatua 40 nyuma, kisha nilale kifudifudi kando ya kiti chake.

"Unaona manyoya?"

"Sioni."

"Unaona nini?"

Niliona doa jeupe, doa jeusi, doa jekundu, na namna kichwa kilivyoinama kama cha mtu aliyeshiba.

"Basi paka hayo."

Bata wa wawindaji ambao wangerudi majini tuliwapaka wote, mwili mzima, bila huruma. Wa wakusanyaji ni habari nyingine. Hao unaziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, unajaza rangi pale tu ilipobanduka, na kabla ya kujaza unapaka vanishi nyembamba ili kazi yako ikae juu yake na siku moja mtu aweze kuiondoa bila kugusa ya chini. Kisha unaandika ulichofanya. Mzee alikuwa mkali sana kwenye kuandika. Ukizima taa na kuwasha ile ya urujuanimno, rangi mpya inajitofautisha na ya zamani, kwa hiyo mdanganyifu hukamatwa, lakini Mzee alisema aibu si kukamatwa na taa. Aibu ni mtu kununua mkono wako akidhani ni mkono wa marehemu.

Na risasi iko kila mahali. Kwa Kiingereza wana maneno mawili, moja la madini na jingine la kinachotoka kwenye bunduki. Sisi tuna moja, na kwenye karakana ile nililiona lina akili kuliko yale mawili. Risasi tumboni mwa bata ili aelee sawa. Risasi ndogondogo zilizozama ubavuni mwake, za mwindaji aliyelenga chini mno. Risasi ndani ya rangi yenyewe, maana rangi za zamani zilichanganywa nayo, na ni mwaka 1978 tu ambapo Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba. Na risasi chini ya ghuba, iliyomezwa na bata wa kweli waliodhani ni changarawe hadi ikawaua, mpaka mwaka 1991 wawindaji wa ndege wa majini walipolazimishwa nchi nzima kutumia chuma badala yake. Kwa hiyo kwa bata wa zamani hatukutumia msasa mkavu kamwe. Barakoa, glavu, kitambaa chenye maji, na kila chembe ya rangi iliyotoka iliingia kwenye chupa yenye kifuniko.

Jioni moja ya mvua Mzee aliuliza kwetu tunawindaje. Nikamwambia habari za isindu, kware wadogo wa mwituni, msiwachanganye na wale wa mayai walioleta wazimu Kenya mwaka 2013 na 2014. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtegaji. Alikuwa na vitundu vya fito, kila kimoja na kware dume ndani, anavitundika kwenye mti mrefu ulionyooka shambani. Alfajiri wale madume wanaita. Wa mwituni wanasikia, wanashuka kwenye majani yaliyo chini ya mti, na kwenye majani kuna vitanzi. Kila mwaka babu alibadilisha fito zilizooza. Baada ya muda hakukuwa na hata fito moja ya mwanzo, na kitundu kilikuwa kilekile, tena kila kimoja kilikuwa na jina.

Mzee alinyamaza kidogo. Akasema baba yake alimsimulia juu ya bata hai waliofungwa mguu kwa kamba, wakiita, kabla ya 1935. Kisha akaniambia jambo ambalo nilifikiri anatania hadi nilipolitafuta mwenyewe: neno la Kiingereza la bata wa kutegea, wataalamu wengi wa maneno wanaamini lilitoka kwa Waholanzi, na kwa Kiholanzi lilimaanisha kitundu.

"Na vitundu vya babu yako viko wapi?"

Babu alipofariki bibi alivitumia kuwafungia vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Vilipochakaa viliwashia moto. Hakuna aliyefikiri ni vitu vya kutunzwa, na mpaka leo sina hakika kama tulipaswa kufikiri hivyo. Nilimwambia hivyo.

Sasa nifike kwa bata wa baba yake.

Alikaa rafu ya juu kabisa, peke yake, mgongo-turubai dume, mzito, shingo imelegea. Alichongwa miaka ya thelathini na fundi wa mji uleule ambaye jina lake wakusanyaji wanalijua. Baba yake Mzee alimpata kwa kubadilishana na samaki, na akampaka rangi kila Agosti kwa zaidi ya miaka 30. Ukitazama kwa lensi pale mkia ulipomeguka, unaona tabaka zimepangana kama kurasa. Mzee alizisoma mwenyewe, kidole kikitetemeka juu yake. Kijivu cha juu ni rangi ya boti waliyouza baba yake alipoacha kuvua. Nyeupe mbili, ya pili ya dirisha la jikoni. Kisha nyeusi kichwani, ambayo ilinishangaza, kwa kuwa mgongo-turubai hana kichwa cheusi. Alieleza kwamba kuna misimu serikali ilikataza kumpiga ndege huyo kwa sababu alikuwa amepungua, na baba yake, mtu wa kutopoteza mbao, alimgeuza kuwa bata wa jamii nyingine mpaka katazo liishe. Chini ya yote, mkono wa fundi.

Binti yake, anayeishi Ohio, alikuja siku ya Shukrani na kalamu na karatasi. Sikumchukia hata kidogo. Bima ya serikali ya wazee hailipii mtu wa kukaa nawe nyumbani mchana kutwa, na akiba ya baba ilikuwa inaisha. Mnunuzi mmoja alikuwa ameshamwona bata yule kwenye picha. Alivyo, alisema, dola 500. Akifunuliwa rangi ya fundi, na ikiwa bado nzuri, 9,000.

Tulipiga hesabu mezani, sote watatu. Dola 9,000 zilikuwa sawa na wiki saba na nusu za mimi.

Nataka msomaji alione jambo hili kama nilivyoliona. Kwa miaka 40 Mzee aliwaondolea watu wengine rangi za baba zao, na ilikuwa kazi tu. Sasa ilikuwa zamu yake, na anayeshika kisu ni mimi, na fedha zitakazotoka chini ya ile rangi ndizo zitakazonilipa. Niliuliza kama angependa tumtafute fundi mwingine. Aliniuliza kama nadhani fundi mwingine atamuuliza ile nyeupe ya pili ni ya dirisha gani.

Tulianza Desemba. Kuondoa rangi ya juu bila kugusa ya chini ni kazi ya kisu cha upasuaji na lensi, siyo ya nguvu. Unaweka ncha karibu kulala, unatafuta pale tabaka mbili zisipopendana, maana rangi iliyopakwa juu ya uchafu au grisi haishiki sana, na unaibandua kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Siku nzuri nilifunua eneo la stempu mbili. Siku mbaya rangi za baba zilikuwa zimeshikana kama ndoa, na nilitoa nafasi ya ukucha tu. Mzee alikaa pembeni na alisema nisimame kila niliponyamaza muda mrefu, kwa sababu alisema mtu akinyamaza sana ameanza kuchoka na hajui. Tulifanya kwa wiki tisa. Ndiyo, tisa, kwa fedha za wiki saba na nusu. Tulilicheka hilo zaidi ya mara moja.

Kilichotoka chini kilikuwa kizuri, siwezi kusema vingine. Fundi yule alikuwa na brashi pana na haraka isiyo na papara. Mgongo haukuwa mweupe. Ulikuwa kijivu chepesi kilichokwaruzwa kwa kitu kama kitana rangi ikiwa mbichi, ili uonekane mweupe kutoka mbali. Hatua 40. Nilielewa ghafla kwamba nilikuwa nafundishwa na mtu wa pili. Lakini kila siku sakafuni, kwenye kitambaa chenye maji, kulikuwa na Agosti nyingine. Mtu aliyerudi kutoka majini, akala, akakaa kivulini na bata 200, akawapaka mmojammoja ili familia ile wakati wa baridi: huyo hakuwa fundi, hakuna mnunuzi atakayemjua jina, na mimi nilikuwa namtia kwenye chupa.

Jicho la kushoto tuliliacha la mwisho. Lilikuwa kubwa kuliko la kulia na limechorwa vibaya, duara iliyoshindwa kujifunga. Mzee alisema ni lake. Alikuwa na miaka minane, alilia hadi baba akampa brashi, na kila Agosti baada ya hapo baba alipaka kulizunguka bila kuligusa. Kwa miaka yote ile.

"Mnunuzi atataka macho yote mawili ya fundi," akasema. "Endelea."

Sikuendelea. Si kwa huruma. Ni kanuni yake mwenyewe kwamba kabla ya kukata unasoma ukingo. Niliweka lensi ukingoni mwa lile duara na sikuona rangi ya fundi ikiingia chini yake. Niliona pati. Nikawasha taa ya urujuanimno, nikamwita atazame. Chini ya jicho la mtoto kulikuwa na shimo lililozibwa, na nilipolibonyeza taratibu kwa upande, ndani kulikuwa na kitu kigumu. Risasi. Mtu alilenga chini mno, miaka ya arobaini, ikaondoka na jicho la fundi lote. Baba akaziba kwa pati. Bata akabaki hana jicho, na kulikuwa na mtoto analia.

Mzee alitazama muda mrefu kupitia lensi. Ilibidi nimshikie kichwa kisitikisike.

"Kumbe alikuwa ananipa kazi," akasema mwishowe. "Miaka yote nilidhani alinipa ili ninyamaze."

Kwa kanuni za karakana ile, jicho lile lilikuwa rangi ya kwanza ya mahali pale. Hakukuwa na kitu cha kufunua. Tuliliacha. Kwenye karatasi ya maelezo aliyonisomea niandike, iliyoorodhesha kila tabaka tuliyoitoa na mwaka wake kama alivyoukumbuka, mstari wa mwisho ulisema: jicho la kushoto, ukarabati wa zamani, mkono wa mtoto, halikuguswa. Mnunuzi alisoma, akakuna kidevu, akakata dola 1,500. Mzee hakubishana naye hata senti.

Ikabaki chupa. Rangi yenye risasi haitupwi kwenye takataka za nyumbani. Kaunti ina siku maalumu ya kupokea vitu vya sumu, Jumamosi, foleni ya magari kwenye uwanja wa maegesho, watu wamebeba betri na makopo ya dawa ya wadudu. Nilikwenda peke yangu. Kijana mwenye glavu akainua chupa juu, akaizungusha: kijivu, nyeupe, nyeusi, kijani kidogo cha mahali nisipopakumbuka.

"Nini hiki?"

"Rangi ya zamani. Ina risasi."

"Ya nyumba?"

"Ya bata."

Alinitazama, akatazama fomu yake. Fomu haikuwa na sehemu ya bata. Akaandika nyumba, akaiweka chupa kwenye sanduku pamoja na nyingine, akaniashiria nisogeze gari.